Mwosha Aliyesema

Msiba ulipotangazwa kwenye kipaza sauti cha msikiti, Bi Somoe alikuwa anaepua ming'oko, viazi vya porini, jikoni. Aliitua sufuria, akasimama kimya asikie jina. Lilikuwa la bibi mmoja wa mtaa huo huo wa Likombe, nyumba ya tano kutoka kwake, mgonjwa wa siku nyingi. Bi Somoe akasema yasemwayo, akaiacha ming'oko aliyokuwa aipeleke sokoni, akaenda kuoga.

Hakuna aliyemwambia aoge. Yalikuwa mazoea ya miaka thelathini na moja. Akifa mwanamke Likombe, kabla hata mikeka haijatandikwa uani, mtu hupiga hodi kwa Bi Somoe na kumwambia, "Bibi, tumefikwa," naye hujibu, "Tangulia, nakuja." Basi alioga, akavaa gauni lake jeupe na kanga mbili safi, akaketi kibarazani na mfuko wake miguuni. Ndani ya mfuko mlikuwa na pamba, kafuri, mkasi, na vile vijifuko vya kitambaa ambavyo mwosha huvivaa mkononi ili kiganja chake kisiguse mwili wa marehemu.

Watu wakaanza kupita. Wanawake wawili wakapita na ndoo. "Shikamoo, bibi," walisema pamoja, na miguu yao ikaongeza mwendo. Mwingine akapita na mkeka kichwani, yeye hakusalimu, akajifanya anautengeneza mkeka. Kisha ikaja bodaboda kutoka upande wa Mikindani, nyuma amekaa mama mzee, amekumbatia mfuko mapajani. Bi Somoe aliujua mfuko ule kwa jinsi ulivyokumbatiwa. Wamemwagiza mwosha kutoka Mikindani, na yeye yuko hapa, nyumba ya tano.

Alikaa hivyo hivyo hadi jeneza lilipopita baada ya adhuhuri. Ndipo akaingia ndani, akaila ming'oko ikiwa imepoa, amesimama.

Huo ulikuwa msiba wa pili kumpita tangu alipofungua mdomo wake.

*

Bi Somoe hakuwa mtu wa maneno. Alizaliwa kijijini, mwendo wa mguu kutoka Nanyamba, katika nyumba ya wakulima wa korosho na mihogo, na akaolewa Likombe enzi hizo Likombe bado mikorosho mingi na nyumba chache. Mumewe, Rashidi, alikuwa fundi baiskeli. Walikaa miaka saba bila mtoto. Walikwenda hospitali, walikwenda kwa waganga, walisomewa, wakanywa makombe mpaka Bi Somoe akawa anaota wino. Mwaka wa nane Rashidi akavuka Ruvuma, akasema anakwenda Msumbiji kuuza vitenge. Baada ya miezi kumi na minne wasafiri wakaleta salamu, kwamba Rashidi hajambo, ana mke huko, na mke kajifungua pacha. Talaka ikaja kwa mikono ya wasafiri wale wale.

Alikuwa anafunga mizigo yake arudi kwao, mama mkwe akamnyang'anya fundo la nguo. "Aliyeondoka ni mwanangu," akamwambia. "Wewe mimi sijakuacha."

Mama mkwe huyo ndiye aliyekuwa mwosha wa Likombe, na ndiye aliyemfundisha. Alimfundisha kuanza upande wa kulia, kukamua tumbo kwa huruma, kumwagia maji chini ya shuka bila shuka kufunuka, na kuzisuka nywele za marehemu mikia mitatu. Hayo mtu huyajua kwa miezi michache. Jambo alilomfundisha kwa miaka ni jingine. "Jicho lako lione, mkono wako ujue," alikuwa akisema, "na mdomo wako ufe siku moja na marehemu."

Na kweli Bi Somoe aliona mengi. Aliona jina la mwanamume lililochanjwa kwa sindano kwenye paja la mke wa mtu, na jina halikuwa la mume. Alikuta hirizi saba kiunoni mwa mwalimu wa kike wa madrasa aliyekuwa akiwakemea wenzake kwa hirizi, akazikata kwa mkasi, akazichoma jikoni kwake, na jioni akakaa na wenzake kumsifu marehemu kwa imani yake. Aliosha mgongo wenye alama za mkanda, mbichi na kavu, wakati mume analia nje kwa sauti ya kuwashinda wote. Hilo lilimkaa kifuani, na hata leo hajui kama alifanya vyema kunyamaza. Lakini alinyamaza.

Kazi ile ilimpa heshima, ila haikumpa rafiki. Mtu unayejua kwamba atakuona siku ambayo huwezi kujifunika, humwiti kuja kukusuka. Kwenye harusi walimpa kiti kizuri, kisha hakuna aliyekaa kiti cha pili. Akina mama waliokuwa wakibangua korosho kwa vikundi hawakumwita, na yeye hakuwaendea, maana mafuta ya korosho huchoma vidole na mwosha anataka mikono isiyo na magamba. Mama mkwe alipofariki, Bi Somoe alimwosha peke yake. Tangu siku hiyo, hodi iliyopigwa mlangoni kwake ilikuwa ni ya msiba. Hakuchukia. Hodi ni hodi.

*

Kisha akafa Tatu.

Tatu alikuwa mke wa Hashimu, seremala, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mpole, asiye na mtoto. Aliamka akilalamika kichwa na hakufika alasiri. Bi Somoe alimwosha, wasichana wawili wakimpokeza maji huku wamegeuza nyuso. Chini ya kitovu mkono wake ukapita juu ya kovu, refu kama kidole cha shahada, kongwe, laini. Kandokando kulikuwa na michirizi ile ambayo ngozi hubaki nayo ikishavutwa na mimba. Mkono wa Bi Somoe ulikuwa umeosha wanawake wengi waliozaa kwa kisu. Ulijua, ukapita, ukaendelea na paja la kulia.

Siku ya tatu ikawa ya kuanua matanga. Wanawake walikuwa uani kwa Hashimu chini ya turubai, wanapika. Shamimu, dada yake Hashimu, alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Shamimu hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ulikuwa unakata bila kunolewa.

"Sasa kaka yangu ataoa," akasema. "Miaka ishirini na mbili anaota moto wa majivu. Naye ahangaishwe na kilio cha mtoto."

"Shamimu, udongo haujakauka," mwenzake akamwonya.

"Kwani nimetukana? Mungu amrehemu. Alikuwa msafi, alikuwa mpishi, salamu zake za kuinama. Lakini shamba lisiloota utalisifia nini? Utalisifia uzio?"

Mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Wengine wakaambukizwa.

"Nacheka nini mimi, na msiba huu!"

"Cheka tu," Shamimu akasema. "Mgumba ni mgumba, hata umpake hina mpaka kwenye magoti."

Bi Somoe alikuwa pembeni, karibu na pipa la maji, anamenya vitunguu saumu. Neno lile alilijua. Alilisikia kwa miaka zaidi ya thelathini, nyuma ya madirisha na kwenye foleni za maji, likisemwa kwa sauti ndogo akipita. Hajawahi kulijibu hata mara moja, kwa sababu kwa upande wake hakuwa na la kujibu. Lakini kwa upande wa Tatu alikuwa nalo.

"Nyamaza, Shamimu," alisema. "Huyo hakuwa mgumba. Tumbo lile nimeliosha mimi. Lilibeba, na kisu kilipita."

Mbuzi ikaacha kukuna.

Kwa muda mfupi sana Bi Somoe alifurahi. Aliona amempa Tatu zawadi, amemfuta neno lile usoni mbele ya watu wote. Kisha akawatazama wenzake. Hawakuwa na nyuso za watu wanaomfurahia marehemu. Walikuwa na nyuso za watu wanaohesabu miaka.

Na walihesabu vizuri. Kabla ya magharibi mtu alikuwa amekumbuka kwamba Tatu aliacha shule kidato cha pili, akapelekwa Nanyamba kwa dada yake Asia, akakaa mwaka mzima. Mwingine akakumbuka kwamba mwaka huo huo Asia, mama wa wavulana wawili, alijaliwa binti, na hakuna aliyemwona na mimba. Binti huyo ni Mwanahamisi, sasa ana miaka ishirini na sita, anafundisha watoto wa shule ya awali huko huko Nanyamba. Siku ya nne, kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kikoba, mtu akaweka picha ya Tatu na picha ya Mwanahamisi, moja kando ya nyingine. Hakuandika neno. Aliweka vikatuni viwili vya macho, basi.

*

Hashimu alikuja siku ya kumi. Alikaa kibarazani, akakataa chai kwa adabu.

"Mimi nililijua, Bi Somoe," akasema. "Aliniambia mwenyewe kabla sijampa mahari. Nikamwambia limekwisha, na likaisha. Mama yangu kafa akinidhani mjinga, kwamba nimeng'ang'ania mwanamke asiyezaa. Sikumwambia. Nimelala na neno hilo miaka ishirini na mbili."

Akatazama mikono yake.

"Wewe siku tatu tu."

"Nilitaka kumtetea, baba."

"Najua. Shamimu kanieleza alivyosema. Ndiyo maana nimekuja nimekaa, sikuja nimesimama." Akavuta pumzi. "Sasa nisikilize. Wakikuuliza, usiseme ndiyo, usiseme siyo. Kaa kimya. Maneno ya watu huchoka. Yule wa Mikindani mzee, magoti yanamuuma, atachoka naye. Mwaka hautaisha watarudi kukupigia hodi. Nani mwingine anaijua kazi?"

Bi Somoe alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Mwaka mmoja. Alikuwa amekaa peke yake zaidi ya huo. Alijiambia atauza ming'oko yake, atafunga mdomo, na siku moja mtu atasimama mlangoni na kusema, "Bibi, tumefikwa."

Wiki iliyofuata akapanda gari kwenda Mikindani, kwenye duka la vitambaa la mzee Mehboob, ambako kwa miaka yote alikuwa akinunua sanda. Alimkuta Insiya, mke wa mtoto wa mzee huyo, amekaa nyuma ya majora.

"Bi Somoe! Nilifikiri umehama. Siku hizi sanda anachukua mama mwingine."

"Sijahama."

"Nikupimie ngapi?"

"Leo sitaki sanda. Nipe kafuri."

"Nani kafa?"

"Hakuna. Ya kuweka tu."

Insiya akamtazama, akaifunga kafuri kwenye gazeti polepole. "Hapa dukani tunasikia mengi," akasema. "Baba mkwe ananiambia muuza duka awe na masikio mawili na asiwe na mdomo hata mmoja. Nashindwa, wallahi. Nikisikia jambo asubuhi, mchana tumbo limenivimba! Wewe uliwezaje muda wote huo?"

Bi Somoe akatabasamu, akalipa. Njiani alirudia moyoni kila kitu walichosema, alichosema Insiya na alichojibu yeye, tangu mwanzo hadi mwisho. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyoyapata mwezi ule.

*

Zikiwa zimebaki siku tano kufika arobaini ya Tatu, hodi ikapigwa. Alasiri. Bi Somoe alinyanyuka haraka hata akagonga goti kwenye kinu.

Mlangoni alikuwa msichana mwembamba, mkono wa gauni una vumbi la chaki.

"Shikamoo. Wewe ndiye Bi Somoe?"

"Marahaba. Ndiye."

"Naitwa Mwanahamisi. Natoka Nanyamba."

Alikuwa anavua ndala zake aingie. Bi Somoe akatazama chini, akaona kidole cha pili cha mguu kimekipita kidole gumba na kukilalia kidogo, mguu wa kushoto na wa kulia. Miguu hiyo alikuwa ameiosha.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Kaa."

Msichana hakuzunguka.

"Mama anaapa kwa msahafu kwamba si kweli. Baba mdogo Hashimu nikimuuliza anafuta macho, anaondoka. Majirani wote wanasema ni kweli, lakini hakuna aliyeona kitu. Aliyeona ni wewe."

Maneno ya Hashimu yakamjia. Usiseme ndiyo, usiseme siyo.

"Nikikwambia, utafanya nini?"

"Sijui." Mwanahamisi akavuta kanga yake mabegani. "Nitalia vizuri. Siku ile nilimlilia kama mama mdogo. Nilikaa mkeka wa nyuma, nikagawa maji, nikapanda gari la saa kumi nikawahi wanafunzi. Kama alikuwa mama yangu, basi nimemlilia nusu, bibi. Nataka kujua kama nina nusu nyingine inayonidai."

Nje bajaji ikapita, ikatimua vumbi, likaingia mpaka miguuni mwao. Bi Somoe alimkumbuka mama mkwe na neno lake. Akafikiri kwamba mama mkwe alikuwa anasema habari za midomo ya watu, na huyu aliyekaa mbele yake hakuwa watu.

"Ni kweli," akasema.

Kisha, kwa sababu neno moja lilikuwa dogo mno kumpa mtu aliyetoka Nanyamba, akaendelea. Akamwambia kwamba nywele za Tatu zilikuwa nyingi na mvi zilikuwa mbili tu, juu ya sikio la kulia. Kwamba alizisuka mikia mitatu, akazilaza nyuma. Kwamba uso ulikuwa umetulia. Kwamba kovu lilikuwa la zamani na lilipona vizuri, mtu alilitunza. "Na vidole vyako hivyo," akasema, "nimeviosha kimoja kimoja."

Mwanahamisi akaivuta miguu yake chini ya kanga, akainama juu yake, akalia. Alilia muda mrefu. Bi Somoe, aliyezoea kukaa na watu wasioweza kuguswa na lolote, hakujua pa kuweka mikono. Mwishowe akaiweka mgongoni kwa msichana na kuiacha hapo.

Baadaye Mwanahamisi akanawa uso kwenye ndoo.

"Kuna jingine," akasema. "Mama, Mama Asia, hali. Hatoki. Akienda kuchota maji wanamuuliza, 'Mtoto wa mwenzio hajambo?' Kanilea tangu nina siku mbili, bibi. Alinibeba mgongoni akipalilia mihogo. Sasa anaona haya kuniita mwanangu mbele za watu. Ya arobaini anasema hatakuja." Akasita. "Ungesema tu kwamba ulikosea."

"Kovu halikosewi. Wataniuliza nimechanganya na la nani."

"Basi sema ulizua. Ulimkasirikia Shamimu, ukatunga."

Bi Somoe akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na ubaya. "Unajua unachoniomba?"

"Sijui."

"Mwosha akitoa siri ya maiti, kavunja amana. Watamnunia, lakini siku moja kazi itawakwama na watamwita. Mwosha akimzulia maiti, mwanangu, huyo hapewi hata kata ya maji aishike. Si mwaka huu, si mwaka kesho."

Mwanahamisi akamtazama kama ambaye ndiyo kwanza anaiona nyumba ile, kiti kimoja, kikombe kimoja kilichofunikwa, kitanda kimoja kilichotandikwa barabara.

"Basi usiseme," akasema upesi. "Nisamehe. Nililolijia nimelipata." Akavaa ndala zake, akaaga, akaenda.

*

Siku tano zile Bi Somoe hakupeleka kitu sokoni. Alijaribu kuupima uongo huo na hakupata pa kuupimia. Kumzulia maiti ni dhambi. Lakini aliloliweka nje halikuwa likimkera mtu kaburini, lilikuwa linamkera mwanamke aliye hai kisimani Nanyamba, na hakukuwa na njia nyingine ya kulirudisha ndani. Aliwaza pia habari zake mwenyewe, kwa maana yeye ni mtu. Aliwaza kwamba siku yake ikifika ataoshwa na mtu wa kuagizwa, asiyemjua, mwenye haraka ya kurudi. Kisha akaona kwamba hilo lilikuwa na uwezekano huo huo hata asiposema kitu.

Siku ya arobaini alikwenda kwa Hashimu bila kualikwa. Wanaume walikuwa msikitini kwenye dua. Uani, wanawake walipomwona, wakakusanya nguo zao kama vile mvua inakuja. Asia alikuwepo, kumbe, amekaa nyuma ya nguzo, kanga imemzidi mwili. Mwanahamisi alikuwa anapitisha chai kwenye sinia.

Bi Somoe hakukaa.

"Jamani," akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Nililolisema hapa siku ya tatu ni uongo. Sikuona kitu. Shamimu aliniudhi kwa neno lake, nikatunga. Marehemu hakuwa na alama yoyote. Asia nimemsingizia na mtoto wake nimemsingizia. Naomba radhi."

Shamimu akasimama, mikono kiunoni, machozi ya kweli machoni.

"Umemzulia wifi yangu? Maiti? Umri wote huo na ulimi hauna nanga?"

"Nimekosa."

"Wifi yangu alikuwa mtu safi! Mimi nimekaa naye ua mmoja miaka ishirini na mbili! Toka, mchawi wewe!"

"Mwosha huoshwa, Bi Somoe!" sauti nyingine ikapaa kutoka jikoni. "Na wewe utalala pale pale!"

"Nilisema mimi," mmoja akamnong'oneza jirani yake, bila kujali kusikika. "Nilisema toka siku ile, yule bibi ana husuda. Hakuzaa, basi."

Asia akanyanyuka nyuma ya nguzo. Alimkaribia Bi Somoe mpaka akasikia pumzi yake. Wanawake wale wawili walikuwa wakijua jambo moja, na mmoja tu, Asia, ndiye ambaye sasa angeaminiwa akilisema, na hakulisema.

"Mwongo mkubwa," Asia akasema, wote wasikie. "Umenikondesha bure." Kisha akageuka. "Mwanangu! Mwanahamisi! Niletee chai hapa, na mkate."

"Naam, mama," Mwanahamisi akajibu. Sinia ikapita mbele ya Bi Somoe na haikusimama. Ilikuwa haifai isimame, Bi Somoe alijua, na msichana naye alijua. Vikombe vilikuwa vinagongana kidogo.

Bi Somoe alijaribu kuutazama uso wa Asia, aone kama alikuwa anaigiza, au kama, kwa kuupenda sana uongo, alikuwa ameanza kuuamini. Hakuona, maana Asia alikuwa anakula.

*

Mwosha wa Mikindani amechoka kweli, kama Hashimu alivyosema. Siku hizi wanawake wa Likombe wamemteua mmoja wa wale wasichana waliokuwa wakipokeza maji, naye anajifunza kwa kukosea. Msiba ukitokea Bi Somoe huenda. Hakuna sheria ya kumkataza mtu kuhani. Huenda na kisu chake, akakaa mwisho kabisa, wanakokaa wageni na watu wasiojuana, akamenya mihogo.

Mwezi uliopita alikaa karibu naye mama kijana aliyehamia juzi juzi kutoka Newala, mchangamfu, anayetafuta wa kuzungumza naye. Walimenya kitambo. Yule mama akasogea.

"Bibi, wewe mwenyeji hapa. Eti huyu marehemu mume wake wa kwanza alikuwa nani? Wanasema kuna mambo."

Ilikuwa miezi minne hakuna aliyekaa karibu naye namna ile, goti kwa goti. Bi Somoe alilihisi lile joto la bega la mtu. Na mambo yalikuwepo, aliyajua, na yalikuwa mazuri kusimulia.

"Usiniulize mimi, mwanangu," akasema. "Mimi ni mwongo. Hawajakwambia?"

Mama kijana akacheka, akidhani ni utani. Kisha akawatazama wanawake wa upande wa pili, akaona wanavyomtazama, na kicheko kikamkauka. Akakumbuka kwamba kisu chake ni butu. Akachukua beseni lake, akahamia kwa wenzake kutafuta kingine.

Bi Somoe akavuta fungu la mihogo alilomwachia, akaendelea kumenya.